Jicho na Ubongo: Maradhi ya Macho ya Uzeeni na Kupotewa na Akili

Mzee akiamkiwa na wajukuu wake njiani naye akauliza "Nani wewe?", akitia chumvi mahali pa sukari, au akishindwa kumtambua jirani aliyeishi naye miaka arobaini, watu wa nyumbani aghalabu husema kwamba uzee umemwingia kichwani. Neno hilo husemwa kwa upole, lakini ndani yake mna hukumu, kwani likishatamkwa ni nadra mtu kufikiri kumpeleka mzee huyo hospitali. Hata hivyo dalili zote tatu zaweza kuwa za mtu mwenye ubongo mzima kabisa, ambaye macho yake yamefunikwa na ukungu. Zaweza pia kuwa za mtu ambaye ubongo wake umekwisha kuanza kuharibika ilhali macho yake hayana kasoro. Na zaweza kuwa za mtu aliyepatwa na yote mawili kwa pamoja. Kwa hakika yote mawili hukutana katika mtu mmoja mara nyingi kuliko tungalivyotazamia. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ni hivyo, na ni kwa njia gani wanasayansi wamejaribu kutenganisha kilicho sababu na kisicho sababu.

Retina ni sehemu ya ubongo

Wanafunzi wa biolojia hufundishwa kuwa jicho ni mmoja wa milango mitano ya fahamu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Katika wiki ya nne ya uhai wa kiinitete tumboni mwa mama, vifuko viwili huchomoza kutoka sehemu ya mbele ya ubongo unaoanza kuumbika, kimoja kila upande. Vifuko hivyo hujikunja na kuwa mfano wa vikombe, na vikombe hivyo ndivyo vinavyokuwa retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa hiyo retina haikuunganishwa na ubongo baadaye, kama waya unavyounganishwa na mtambo. Imetokana na ubongo wenyewe. Ile neva inayotoka nyuma ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni moja, na nyuzi hizo, kama zilivyo nyuzi za ndani ya ubongo, zikifa hazioti tena.

Jambo hili lina faida kwa daktari. Retina ndiyo sehemu pekee ya mfumo mkuu wa neva inayoweza kuonekana kwa jicho la mtu wa nje bila ya kupasua chochote: yatosha kumulika ndani ya mboni kwa chombo kinachofaa. Tangu mwaka 1991 pamekuwapo mtambo unaotumia mwanga kupima unene wa tabaka za retina kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya milimita. Kwa mtambo huo imeonekana kwamba watu ambao tabaka la nyuzi za neva katika retina yao ni jembamba, wakichukuliwa kwa wingi wao, hufanya vibaya zaidi katika mitihani ya kumbukumbu na fikra. Nasema "kwa wingi wao" kwa makusudi, maana kipimo hicho hakitoshi kumwambia mtu mmoja aliyeketi mbele ya daktari kwamba yeye atapotewa na akili au la.

Maradhi yenyewe

Mtoto wa jicho ndio ugonjwa ulio maarufu kuliko yote, na jina lake limewapotosha wengi kudhani kuwa kuna kitu kinachoota juu ya jicho. La hasha. Kinachoharibika ni lenzi, iliyo ndani, nyuma ya mboni. Lenzi imejaa protini zilizopangwa kwa utaratibu ili mwanga upite. Kadiri miaka inavyopita protini hizo hushikamana na kufanya mabonge, na lenzi ikageuka rangi kuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeupe kama maziwa. Dawa yake ni upasuaji wa muda mfupi: lenzi iliyochafuka hutolewa na mahali pake hutiwa lenzi ya plastiki. Aliyekuwa wa kwanza kutia lenzi ya namna hiyo ni Harold Ridley, mjini London, mwaka 1949. Wakati wa vita alikuwa ametibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, akaona kwamba jicho halikuvikataa vipande hivyo.

Kuchakaa kwa makula ni ugonjwa wa kitovu cha retina, mahali tunapotumia kusoma na kutambua nyuso. Anayeugua huona pembeni, lakini mbele yake pana doa. Glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho, huua nyuzi za neva ya jicho. Huanza na kingo za uoni, kimyakimya, hata mgonjwa asitambue mpaka amepoteza sehemu kubwa. Tukumbuke tofauti moja ambayo itatufaa mbele: upasuaji wa mtoto wa jicho hurudisha uoni, bali upasuaji wa glakoma hupunguza mgandamizo tu ili hali isizidi kuwa mbaya, na uoni uliopotea haurudi. Ugonjwa wa nne ni ule unaoletwa na kisukari, ambapo mishipa midogo ya damu ya retina huvuja na kuziba.

Ama kupotewa na akili uzeeni, ambako wataalamu hukuita demensia, si ugonjwa mmoja bali ni hali inayotokana na maradhi mbalimbali ya ubongo. Lililo kubwa kati ya maradhi hayo limepewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt, alimpokea mwanamke mwenye umri wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa akisahau hata jina la mumewe. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta madonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua kuwa madonge yale yametengenezwa na protini iitwayo amiloidi. Aina ya pili kwa wingi hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si ugonjwa wa Wazungu peke yao, kama ilivyodhaniwa zamani. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uchunguzi wa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kiasi cha 6 kati ya kila 100 walikuwa nayo.

Hesabu za Uingereza na za Seattle

Nchini Uingereza, watu 12,364 wenye umri wa miaka 55 hadi 73 walipimwa macho kati ya miaka 2006 na 2010, kisha wakafuatiliwa hadi mwanzoni mwa 2021. Katika muda huo 2,304 walipata demensia. Waliokuwa na ugonjwa wa macho wa kisukari walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 61; wenye kuchakaa kwa makula, kwa asilimia 26; wenye mtoto wa jicho, kwa asilimia 11. Kwa glakoma haikuonekana tofauti ya kutegemewa katika demensia kwa jumla.

Hapa mwalimu wa hisabati afaa kumsaidia mwenzake wa biolojia. Kuzidi kwa asilimia 11 hakuna maana kwamba watu 11 kati ya 100 wenye mtoto wa jicho watapotewa na akili. Tuchukue mfano wa kubuni: ikiwa kati ya watu 100 wasio na mtoto wa jicho 10 watapata demensia, basi kati ya 100 walio nao watakuwa 11 hivi. Ni mtu mmoja zaidi. Kwa mtu mmoja si jambo la kumtisha usiku; kwa taifa lenye wazee mamilioni ni jambo zito.

Lakini tuseme hesabu zote ni sahihi. Je, tumethibitisha kwamba jicho bovu huharibu ubongo? Bado. Yawezekana kuna jambo la tatu linaloharibu vyote viwili. Kisukari, shinikizo la damu na uvutaji wa tumbaku huharibu mishipa midogo ya damu popote ilipo, jichoni na kichwani. Umri wenyewe ni jambo la tatu: anayeishi miaka mingi ana nafasi zaidi ya kupata kila ugonjwa. Watafiti hujitahidi kuyaondoa mambo hayo kwa hesabu, wakilinganisha watu wa umri mmoja na wenye kisukari kwa wenye kisukari, lakini daima hubaki jambo ambalo halikupimwa.

Njia iliyo bora ingekuwa kuwagawa wazee wenye mtoto wa jicho kwa kura, nusu wapasuliwe na nusu waachwe, kisha kusubiri miaka kumi. Jaribio hilo halifanyiki, wala halipaswi kufanyika: ni nani mwenye haki ya kumwacha mtu katika giza kwa miaka kumi ili tupate takwimu safi?

Watafiti wa mji wa Seattle, Marekani, walipata njia ya werevu. Tangu mwaka 1994 walikuwa wakifuatilia wazee waliokuwa na akili timamu wakati wa kuanza. Kati yao walichagua 3,038 waliogunduliwa kuwa na mtoto wa jicho au glakoma, ambao baadaye 853 walipata demensia. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2021 yalionyesha kwamba waliopasuliwa mtoto wa jicho walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 29 kuliko ambao hawakupasuliwa. Mtu mwenye shaka atasema mara moja: waliokwenda kupasuliwa ni wale wenye afya nzuri zaidi, wenye fedha, wenye watoto wa kuwasindikiza, si ajabu wakaendelea vizuri. Shaka hiyo ni halali kabisa. Ndipo watafiti wakawatazama waliopasuliwa glakoma. Hao nao walikuwa na nguvu za kufika hospitali na kuvumilia kisu, hao nao walikuwa na wa kuwasindikiza. Kama afya na uwezo ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi, hatari yao nayo ingepungua. Haikupungua hata kidogo. Tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili ni ile tuliyoitaja mapema: kundi moja lilirudishiwa uoni, jingine halikurudishiwa.

Sisemi kwamba kesi imekwisha hapo, kwa kuwa watu hawakugawanywa kwa kura. Hata hivyo, kwa maoni yangu huo ni mfano mzuri wa kundi la kulinganishia kuliko mingi iliyomo katika vitabu vyetu vya shule. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet iliongeza upotevu wa uoni usiotibiwa katika orodha ya mambo 14 ya hatari ambayo, yakiondolewa yote, yangeweza kuzuia au kuchelewesha kiasi cha asilimia 45 ya demensia duniani. Fungu la macho katika hesabu hiyo ni asilimia 2 tu, likiwa dogo kuliko la masikio, ambalo ni asilimia 7. Lakini ni machache katika orodha ile yanayoweza kuondolewa kwa kazi ya asubuhi moja katika chumba cha upasuaji.

Kwa njia gani?

Zipo njia kadhaa zinazodhaniwa, na hazipingani. Ya kwanza ni upungufu wa kazi. Sehemu kubwa ya gamba la ubongo hushughulikia mambo ya kuona. Ikikosa habari za kushughulikia, viungo baina ya seli hulegea. Ya pili ni maisha yenyewe. Mzee asiyeona vizuri huacha kwenda shambani, huacha kwenda msikitini au kanisani, huacha bao, huogopa kuanguka, hukaa ndani. Upweke, huzuni na kutotembea vimo vyote katika ile orodha ya mambo 14.

Ya tatu haijulikani sana kwa watu wa kawaida, nayo yahusu usingizi. Mbali na seli za kuonea, retina ina seli chache, zilizothibitishwa mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa si kuona bali ni kuuambia ubongo kuwa sasa ni mchana au usiku. Seli hizi huamshwa hasa na mwanga wa buluu. Sasa lenzi iliyogeuka manjano huzuia rangi gani? Mwanafunzi wa fizikia atajibu bila shida: ni hiyo hiyo buluu. Kwa hiyo mzee mwenye mtoto wa jicho huweza kuishi katika machweo ya daima, na saa ya ndani ya mwili wake ikapotea njia.

Kuna na njia ya nne, inayosema kuwa ugonjwa ni mmoja katika mahali pawili, kwa sababu amiloidi imeonekana pia katika takataka zinazojikusanya chini ya retina iliyochakaa makula. Fikra hii yavutia, lakini jeni moja yatuonya tusiikimbilie. Jeni iitwayo APOE ina namna tatu kuu. Namna ya nne, kama ilivyofahamika mwaka 1993, huongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Lakini namna hiyo hiyo hupunguza hatari ya kuchakaa kwa makula. Namna ya pili hufanya kinyume chake. Kama maradhi hayo mawili yangekuwa pacha, jeni moja isingemlinda mtu na moja huku ikimtia katika jingine.

Kosa la kipimo

Tuje sasa katika jambo linalowagusa wazee kwa karibu zaidi. Mtihani wa akili uliotumiwa sana duniani ni ule uliotungwa na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975, wenye alama 30. Chini ya 24 mara nyingi huhesabiwa kuwa dalili mbaya. Katika alama hizo, mbili ni za kutaja vitu viwili vinavyoonyeshwa, moja ya kusoma sentensi, moja ya kuandika, na moja ya kunakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana. Mzee asiyeona hupoteza alama tano kabla hajafikiri lolote. Hubakiwa na 25. Akikosea tarehe na siku ya wiki, jambo ambalo hata mimi hulikosea wakati wa likizo, tayari ameingia katika kundi la waliopotewa na akili.

Wazee wengi wa Afrika Mashariki hawakupata shule, kwa hiyo mtihani huo uliwaonea mara mbili. Ndiyo sababu watafiti waliofanya kazi Hai walisaidia kutengeneza mtihani mfupi usiohitaji kusoma wala kuandika: kutaja wanyama, kukumbuka orodha ya maneno, kueleza daraja ni nini, na mengineyo. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti zifanane na mfano alioonyeshwa, wazo ambalo lilikwisha kujaribiwa Ibadan, Nigeria. Huo ni uvumbuzi wa kusifiwa, maana umeondoa kikwazo cha kalamu. Lakini njiti nazo huonekana kwa macho, hivyo inafaa mpimaji ajue kwanza kama mzee anaziona.

Kosa hutokea pia kwa upande wa pili. Mwaka 1988 Frank Benson, daktari wa Marekani, alieleza juu ya wagonjwa ambao uharibifu wa ubongo wao, aghalabu kutokana na ugonjwa wa Alzheimer, huanzia nyuma ya kichwa, mahali pa kuonea. Mtu wa namna hiyo hukumbuka vizuri, bali hushindwa kusoma mstari au kuokota kijiko kilicho mbele yake. Hubadilisha miwani mara tatu, na miwani haimsaidii.

Na kuna wale wanaoona visivyokuwapo. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 90 na macho mabovu, ambaye aliona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwapo, naye alijua kabisa kwamba hayapo. Ubongo ulionyimwa picha hujitungia picha. Hali hiyo si wazimu wala demensia, na hutokea kila mahali penye wazee wenye uoni hafifu. Wazee wengi huificha. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu wana sababu ya kuificha: kwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Bibi wa namna hiyo akisema kwamba ameona watoto wamesimama pembeni mwa nyumba, ambao mwingine hawaoni, amejitia hatarini.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wagawanywe kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lifungwe machoni karatasi ya nailoni ya kufunikia madaftari, iliyokunjwa mara kadhaa hata maandishi ya ubaoni yasisomeke; kundi la pili libaki kama lilivyo. Wote waketi, na aliyefungwa macho asitembee. Mwalimu ataje kwa sauti maneno kumi, na baada ya dakika tano kila mmoja ayaseme anayoyakumbuka. Kisha aonyeshe kwa umbali wa hatua mbili mpangilio wa njiti nne za kiberiti, wanafunzi wauige. Aonyeshe vitu vidogo viwili, vitajwe. Na aonyeshe orodha ya pili ya maneno kumi, iliyoandikwa kwa kalamu hafifu, ikumbukwe baada ya muda ule ule.

Alama za sikio ziandikwe katika safu moja, na za jicho katika safu nyingine, ndipo wastani wa kila kundi utafutwe. Darasa lijadili: kama mpimaji angejumlisha safu zote pamoja bila ya kujua ni nani aliyefungwa nailoni, angewahesabu wangapi kuwa wamepotewa na kumbukumbu? Na orodha ya pili iwachunguzwe kwa makini zaidi. Mwanafunzi aliyefanikiwa kuyasoma maneno yote kwa taabu, lakini akayakumbuka machache kuliko yale aliyoyasikia, nguvu zake za kukumbuka zilitumika wapi?